Majina Nyuma ya Picha

Mwezi wa Juni, 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi katika Ghuba ya Mwanza, meza yetu ya uhariri ilihitaji picha moja tu ya pantoni ya zamani. Za daraja jipya tulikuwa nazo tele, nalo kwa hakika lastahili kupigwa picha, maana ni kazi ya kilomita 3 juu ya maji, iliyowachukua mafundi na vibarua wetu zaidi ya miaka mitano. Lakini tulitaka msomaji aone pia kile kilichoondoka: foleni ya malori, akina mama wenye matenga ya samaki, wagonjwa waliolala kivulini wakingoja zamu yao ya kuvuka. Tukapekua makabati yetu siku mbili. Tukakuta picha za wakubwa wakiteremka kutoka pantonini, na picha za pantoni ikiwa tupu. Picha ya watu waliokuwa wakiitumia hatukuipata.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja wa kiwandani, mpiga chapa wa siku nyingi, alipotuambia kwamba Morogoro wapo mzee na mkewe wenye kopo la biskuti lililojaa picha za safari. "Hawa si wapiga picha," alisema, "ni watu tu waliokuwa na gari bovu na kamera." Nilifunga safari asubuhi ya pili yake. Nilikwenda kutafuta pantoni. Nimerudi na jambo jingine, nalo ndilo ninalotaka kuwaeleza leo wanachama wenzangu na wafanyakazi wote.

LIKIZO ZA WAFANYAKAZI WAWILI

Mzee huyu alikuwa fundi makanika katika kazi za serikali. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hata leo, yeye akiwa amepita miaka themanini na mama akikaribia, hawaitani kwa jina jingine ila "Fundi" na "Mwalimu". Fundi ni mtu wa Masasi, Mwalimu ni mtu wa Busisi. Basi mwenye kuijua ramani ya nchi yetu ataona mara moja shida waliyojitwika walipooana mwaka 1972. Nyumbani kwa mume ni pembe ya kusini-mashariki; nyumbani kwa mke ni ng'ambo ya ghuba, kaskazini-magharibi. Kila likizo ya safari ilipowadia, iliwabidi kuchagua: Masasi au Busisi. Wakaamua kupokezana.

Mwaka 1974 Fundi alinunua mnadani Land Rover kuukuu ambayo kila mtu alikwisha kuikatia tamaa. Akaifufua kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka huo huo alinunua dukani kamera ya Kichina aina ya Seagull, ile yenye macho mawili, ambayo mpigaji huinamisha kichwa na kuchungulia kwa juu kama mtu anayetazama kisimani. Wakati ule bidhaa za Kichina zilikuwa nyingi madukani, kwa sababu sehemu ya gharama za reli ya TAZARA zililipwa kwa mauzo ya bidhaa hizo. Mkanda mmoja wa kamera ile ulitoa picha 12 na si zaidi. Mikanda ilikuwa ghali na haikupatikana kila siku. Mtu aliyeondoka Dar es Salaam na mikanda mitatu alijua kwamba ana picha 36 za kwenda na kurudi, na kwamba kila akibonyeza, anatumia.

Wakasafiri hivyo tangu 1974 hata 1994, Land Rover ilipokataa kabisa kufufuka tena. Katika kopo la biskuti mna picha 341. Nilizihesabu mwenyewe juu ya mkeka, Mwalimu akinipa moja moja.

Kwa sanaa, picha hizi ni za kawaida. Nyingine zimepinda, nyingine jua limeingia, na katika moja kivuli cha Fundi kimemfunika mtu aliyekuwa akipigwa. Wao wawili pamoja hawaonekani ila katika picha moja tu, kwa sababu daima mmoja alikuwa nyuma ya kamera. Picha hiyo ilipigwa mwaka 1976 chini ya mteremko wa Sekenke. Magari yalikuwa yamekwama siku mbili katika udongo mweusi wa mbuga ya Wembere baada ya mvua, na utingo wa lori moja aliomba aonyeshwe namna ya kubonyeza. Amewakata miguu wote wawili, na Land Rover ameichukua nusu. Nyuma ya picha, kwa mwandiko wa kiualimu, pameandikwa tarehe, mahali, kisha: "Imepigwa na", na jina kamili la utingo yule pamoja na kijiji chake. Mwalimu alicheka aliponionyesha. "Bila kijana huyu," alisema, "hakuna ushahidi kwamba sisi wawili tulipata kusafiri pamoja."

Nikageuza picha nyingine, nikaona majina. Nikageuza ya tatu, majina. Ndipo nikaelewa kwamba katika nyumba ile picha husomwa pande zote mbili.

DARAJA NA MAMA

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika safari ya kwanza, ile ya Masasi ya 1974, kamera ilikuwa mikononi mwa Fundi peke yake, naye alipenda vitu vya kazi yake: greda, injini iliyofunguliwa, daraja. Nyuma ya picha zake aliandika maili na jina la mto. Mwalimu alimwambia mara nyingi apige watu kwanza, naye akajibu kwamba watu wako kila mahali.

Hata hivyo, huko Masasi alimpiga picha mama yake mzazi, ameketi barazani na ungo mapajani. Ilikuwa picha ya nne katika mkanda. Wakarudi, na mkanda ule ungali kamerani, imebaki picha moja ya kumalizia. Wakafika kwenye daraja moja la chuma ambalo Fundi alilipenda sana. Mwalimu akasema waiweke ile moja kwa ajili ya watu wa pantoni. Fundi akasema pantoni wataiona tena. Akashuka, akalipiga daraja.

Mlinzi wa daraja akatokea. Ndugu wasomaji walio wazee watakumbuka siku zile. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa bado vinaendelea ng'ambo ya Ruvuma, na Msumbiji haikupata uhuru wake hata Juni 1975. Madaraja, reli na bandari vilikuwa vitu vya kulindwa, na kuvipiga picha bila ruhusa lilikuwa jambo zito. Kijana yule aliagizwa kulinda daraja, naye akalilinda. Hakuwapiga wala hakuwatukana. Aliomba kamera, akaifungua, akauvuta mkanda wote juani, akaurudisha ukiwa umekufa. Picha 12 zikaenda pamoja, na ya nne ilikuwamo.

Likizo iliyofuata, ya 1976, ilikuwa zamu ya Busisi. Mama yake Fundi alifariki mwaka 1977. Hapakuwa na picha yake nyingine.

Nilimwuliza Fundi kama anamlaumu mlinzi yule. Alitikisa kichwa. "Yeye alikuwa kazini," alisema. "Mimi ndimi niliyekuwa likizoni. Mwalimu aliniambia barabarani: daraja litakungoja, mama hakungoji. Nikafikiri ni maneno ya hasira." Tangu siku ile kamera ilikuwa ya wote wawili, na ikawekwa sheria: watu kwanza, vyuma baadaye, na hapana picha isiyoandikwa.

VIBARUA KUMI NA TISA

Sheria hiyo yaonekana vema katika picha ya Julai 1978. Walikuwa wakienda Masasi kulitazama kaburi. Kusini mwa Dar es Salaam, baada ya Kibiti na Ikwiriri, njia ilikuwa ikifika ukingoni mwa Rufiji pale Ndundu, na hapo kila mtu, mkubwa na mdogo, aliingoja pantoni. Ng'ambo yake zilifuata kilomita 60 za mchanga na matope hata Somanga. Mvua ziliponyesha, Lindi na Mtwara zilikatika kutoka kwa nchi nzima kwa majuma, pengine kwa miezi. Waliokuwa wakiirudisha njia ile kila mwaka baada ya mafuriko si mitambo tu. Walikuwa watu wenye sururu, makoleo na makarai.

Katika picha wamesimama mistari miwili, watu kumi na tisa. Mmoja amevaa kofia ya chuma ya kuazima, mwingine ameweka mkono juu ya bega la mwenzake, mnyapara ameketi mbele juu ya karai lililofunikwa. Nyuma yapo majina kumi na saba, kwa mpangilio wa mistari, kushoto kwenda kulia. Chini yake: "Wawili wa mwisho sikuwauliza. Pantoni ilikuwa inaondoka, Fundi anapiga honi."

Miaka ikapita. Agosti 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa pale Rufiji, lenye urefu wa karibu kilomita nzima, na pantoni ya Ndundu ikastaafu. Mwaka uliofuata alikuja Morogoro mwalimu kijana wa kike, mwenyeji wa Rufiji, akapangiwa shule ile ile aliyokuwa akifundisha Mwalimu. Siku moja, katika mazungumzo ya kawaida ya chumba cha walimu, akataja jina la marehemu baba yake aliyekuwa kibarua wa barabara. Mwalimu alinyamaza, akarudi nyumbani, akatafuta katika kopo. Jina lilikuwapo: mstari wa pili, wa nne kutoka kushoto.

Binti huyo alikuwa na miaka minne baba yake alipofariki. Kwao hapakuwa na picha yake hata moja. Aliletewa ile picha, akaishika muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Ndiye huyu aliyeweka mkono begani kwa mwenzake?" Ndiye. Negativu ilikuwapo, nzima, ndani ya bahasha yake, na juma lile lile nakala ikatengenezwa.

Fundi alipomaliza kunisimulia haya hakuonyesha furaha niliyoitazamia. Alikuwa akiitazama picha. Alinionyesha kwa kidole wale wawili wa mwisho, upande wa kulia. "Hawa nao wana watoto," alisema. "Honi niliipiga mimi."

PICHA HUFA VIPI

Yafaa tuseme maneno machache ya kazi, maana wengi wetu tuna makopo ya namna hii nyumbani na hatujui kwamba yaliyomo yanakufa polepole.

Picha nyeusi na nyeupe hutengenezwa kwa fedha, nayo ni madini. Ikisafishwa vema na kuoshwa vema kwa maji, huweza kuishi miaka mia na zaidi. Picha za rangi hutengenezwa kwa wino wa dawa, na wino huo hupauka hata gizani. Ndiyo maana picha za harusi za miaka ya sabini na themanini sasa zimekuwa nyekundu nyekundu, kana kwamba kila arusi aliolewa wakati wa machweo. Katika kopo la Fundi na Mwalimu, picha za Seagull za 1976 zingali imara, na zile za rangi za miaka ya mwisho zimeanza kutoweka.

Adui wa pili ni unyevu, ambao huleta ukungu, na watu wa pwani tunaujua. Adui wa tatu ni zile albamu zenye gundi na karatasi ya plastiki juu yake. Tulizinunua kwa nia njema, kumbe gundi hula picha na kuing'ang'ania isibanduke. Kopo kavu na bahasha za karatasi ni bora kuliko albamu ya namna hiyo. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, wala si kwa kalamu ya wino inayopenya hadi usoni mwa mtu. Na negativu zisitupwe kamwe: picha ni mtoto, negativu ni mama.

Vijana watasema kwamba hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa leo kila mtu ana simu. Ni kweli, na ni jambo la kumshukuru Mungu, kwamba kibarua wa leo haingoji mpita njia mwenye kamera ili apate sura yake. Lakini nawauliza: katika picha elfu tatu zilizomo ndani ya simu yako, ni ngapi zina majina? Na simu ikiibwa katika daladala, au ikitumbukia majini, ni ngapi zitabaki? Fundi na Mwalimu walipata picha 341 katika miaka ishirini, na wanaweza kukueleza kila moja. Sisi twapiga picha 300 katika arusi moja, na mwaka ukipita hatumkumbuki aliyesimama nyuma ya bibi arusi. Wingi si utajiri. Mwenye ghala asiyejua kilichomo hana tofauti na mwenye njaa.

KOSA LA MEZA YETU

Sasa nijirudie mimi mwenyewe, maana anayenyosha kidole yampasa ajitazame.

Katika siku za ukoloni wageni walituuzia, na wakauziana wao kwa wao, kadi za posta zenye sura za watu wetu. Chini yake paliandikwa "Mwanamke wa Kiswahili", au "Mpagazi". Jina la mpiga picha lilikuwapo, na jina la duka lilikuwapo. Mwenye uso hakuwa na jina. Tuliona uchungu, na tulikuwa na haki ya kuona uchungu, kwa sababu mtu asiye na jina katika picha hana tofauti na twiga.

Lakini, ndugu zangu, niliporudi ofisini kutoka Morogoro nilifungua makabati yale yale na kusoma maelezo tuliyoyaandika sisi, wana wa nchi huru, katika gazeti la chama cha wakulima na wafanyakazi. "Wananchi wakishiriki ujenzi wa taifa." "Baadhi ya wafanyakazi wakiwa kazini." "Akina mama wakishangilia." Katika picha ya watu ishirini, mgeni rasmi ana jina, cheo na tarehe, kumi na tisa wengine ni "baadhi". Mengine kati ya maelezo hayo niliyaandika kwa mkono wangu. Nimekuwa nikifanya yale yale ya kadi ya posta, ila kwa Kiswahili fasaha.

Sisemi kwamba viongozi wasitajwe. Yafaa daraja kubwa lipewe jina la kiongozi aliyelisimamia, maana mtoto wa shule atauliza na ataelezwa. Lakini daraja halikujengwa na jina moja, na chama kinachosema kwamba kazi ndiyo kipimo cha utu hakiwezi kuwa na kumbukumbu inayowajua waliokata utepe na kuwasahau waliobeba zege.

Mtaniuliza: Na picha ya pantoni? Niliipata. Ni ya 1976. Pantoni yenyewe inaonekana robo tu. Mbele yupo mama amembeba mtoto mgongoni, karibu yake tenga la sato, nyuma yake lori lenye marobota ya pamba, na baharia ameshika kamba. Nyuma yake yameandikwa majina matano, na maneno haya: "Mtoto anaumwa. Wanampeleka Bugando. Wamengoja tangu alfajiri." Chini yake, kwa wino mwingine: "Amepona. Tumemwona 1980."

Niliomba niichape. Mwalimu akakataa. Akasema picha ataniazima, lakini uso ule si wake, na majina yale si yake. Alipewa ayatunze, hakupewa ayatangaze. Ni lazima wenyewe waulizwe kwanza, au watoto wao. Kwa sababu hiyo hiyo sikuandika hapa jina la mtu yeyote, wala la wenyeji wangu wawili, walioniomba niwaite kwa kazi zao. Basi gazeti lilitoka na picha ya pantoni tupu, na huenda ninyi wasomaji hamkuona kasoro. Mimi niliiona.

Ndugu za Mwalimu huko Busisi waliulizia. Yule mama amekwisha kufariki. Mtoto wa mgongoni ni mtu mzima wa miaka hamsini, mvuvi, na sasa mwenyewe huvuka ghuba kwa dakika chache juu ya daraja. Hajawahi kuiona picha hiyo. Ametuma jibu fupi: "Kabla ya gazeti, naomba niione mimi kwanza." Nakala yake imekwisha kutumwa.

Yatupasa basi kufanya mambo matatu, nayo hayahitaji fedha ya kigeni wala mtaalamu. Kwanza, kila mmoja wetu mwenye wazazi walio hai aketi nao juma hili, atoe picha za zamani, aulize majina na kuyaandika, maana wanaoyajua wanaondoka. Pili, matawi yetu na vyama vya wafanyakazi, kiwandani, bandarini, relini na barabarani, vianze daftari la picha za kazi, lenye jina la kila anayeonekana, kwa ruhusa yake. Tatu, meza hii ya uhariri imejiwekea sheria tangu leo: mpiga picha wetu atakayeleta picha ya watu kazini bila majina yao atarudishwa akawaulize. Na akijitetea kwamba gari lilikuwa linaondoka, tutamwambia alingoje lifuatalo.